Vipaumbele vya utafiti wa uhalifu wa kupangwa: tuanze na uamuzi, takwimu zifuate

Karibu kila orodha ya vipaumbele vya utafiti wa uhalifu wa kupangwa niliyopata kuisoma imepangwa kwa bidhaa: dawa za kulevya, silaha, biashara haramu ya binadamu, ujangili, magendo ya mafuta, wizi wa mtandaoni, halafu utakatishaji fedha unatajwa mwishoni ili orodha ikamilike. Mpangilio wa namna hiyo unamfaa mkuu wa polisi anayegawa vikosi, kwa sababu kikosi cha kupambana na ujangili na kikosi cha dawa za kulevya vina mafunzo tofauti na vifaa tofauti. Mtafiti haumfai sana, maana haumwambii ni swali gani linahitaji jibu, wala ni nani atakayetenda tofauti siku jibu hilo litakapopatikana. Hoja yangu ni kwamba kipaumbele cha utafiti kianzie kwenye uamuzi unaosubiri kufanywa. Tukifuata kanuni hiyo kwa dhati, baadhi ya mada zinazopewa fedha nyingi leo zitashuka, na nyingine zisizo na mvuto wowote zitapanda.

Ugumu unaanzia kwenye upana wa jambo lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, ambao ulipitishwa Novemba 2000, ukafunguliwa kutiwa saini mjini Palermo mwezi uliofuata, na kuanza kutumika Septemba 2003, unalitambua kundi la uhalifu kuwa ni kundi lenye mpangilio, la watu watatu au zaidi, linalodumu kwa muda fulani na kutenda kwa pamoja kwa nia ya kufanya kosa kubwa moja au zaidi ili kujipatia fedha au manufaa mengine ya mali. Kosa kubwa, kwa mujibu wa mkataba huo, ni lile ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha angalau miaka minne. Kisheria upana huo ulikuwa na sababu nzuri, kwani nchi zenye mifumo isiyofanana zilihitaji msingi mmoja wa kusaidiana katika upelelezi na kurejesheana watuhumiwa. Lakini ndani ya fasili hiyo wamo watu watatu wanaoiba magari kwa kupokezana, na imo pia 'Ndrangheta, mafia ya Calabria kusini mwa Italia, yenye koo, matambiko na matawi katika mabara kadhaa. Anayesema anatafiti uhalifu wa kupangwa, akaishia hapo, bado hajachagua.

Asipochagua mwenyewe, takwimu zilizo karibu humchagulia. Zilizo karibu, kwa kawaida, ni za ukamataji: kilo zilizonaswa, watu waliotiwa mbaroni, kesi zilizofikishwa mahakamani. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi karibu na pwani ya Kenya, na kwa miaka iliyofuata kiasi hicho kimetajwa kila mara njia ya kusini ya heroini kutoka Afghanistan inapozungumzwa. Kilo hizo zinathibitisha kwamba njia ipo na kwamba kuna mtu aliyethubutu kupakia mzigo mkubwa kiasi hicho kwa mkupuo mmoja. Haziwezi kutuambia iwapo mzigo kama huo ulikuwa jambo la kawaida au la nadra, iwapo ulinaswa kwa sababu doria ziliongezeka au kwa sababu mtu alitoa siri, wala ni nani ufukweni aliyekuwa akiusubiri. Kwa miaka mingi utaratibu wa operesheni hizo za bahari kuu ulikuwa kuharibu shehena na kuwaachia mabaharia waende zao, kwa kuwa vikosi havikuwa na msingi wa kisheria wa kuwashtaki. Chanzo cha taarifa kilirudishwa baharini, yakabaki mazao ya kupimwa kwenye mizani.

Upo mfano wa kinyume chake ambao kila ninapoombwa ushauri kuhusu vipaumbele huuleta, nao unatoka kwenye biashara ya pembe za ndovu. Kundi la watafiti wakiongozwa na Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, lilikuwa tayari limetumia vinasaba kubaini ni maeneo gani ya Afrika ambako ndovu wa shehena kubwa zilizokamatwa waliuawa. Kazi hiyo pekee ilikuwa na thamani, kwa sababu ilionyesha kwamba pembe nyingi zilitoka sehemu chache tu. Katika kuchagua vipande vya kupima, ilibidi waepuke kumpima ndovu mmoja mara mbili, kwa hiyo walizipanga pembe sakafuni na kuzilinganisha mbili mbili kwa upana wa shina, kwa rangi, na kwa alama inayoachwa na fizi pale pembe inapoingia kwenye taya. Nyingi hazikupata mwenzake. Kila ndovu ana pembe mbili. Ya pili ilikwenda wapi?

Kwa kulinganisha vinasaba vya shehena mbalimbali waligundua kwamba pembe mbili za ndovu mmoja mara nyingi zilisafirishwa katika makontena tofauti, yaliyopita bandari ileile ya kutokea, kwa muda unaokaribiana, yakiwa na pembe zilizotoka maeneo yaleyale. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 waliweza kuunganisha shehena ambazo wapelelezi walikuwa wakizichukulia kama kesi zisizohusiana, na picha iliyopatikana ilikuwa ya mitandao mitatu mikubwa iliyofanya kazi kati ya 2011 na 2014 kupitia Mombasa, Entebbe na Lomé. Ninachotaka msomaji akione hapa ni kwamba shehena zilikuwa zilezile, zimekaa kwenye maghala ya serikali kwa miaka. Kilichobadilika ni swali. Badala ya kuuliza ni kiasi gani kimekamatwa, waliuliza nini kinaiunganisha shehena hii na ile, na jibu likamfaa moja kwa moja mwendesha mashtaka, kwa kuwa mtu aliyekuwa akikabiliwa na shtaka la kontena moja sasa angeweza kuhusishwa na makontena kadhaa.

Swali la kinachounganisha ndilo, kwa maoni yangu, linalostahili kuwa juu ya orodha, na historia ya Italia inaonyesha uzito wake. Kwa miongo kadhaa walikuwapo mahakimu, wanasiasa na hata wasomi walioshikilia kwamba mafia ya Sicilia haikuwa taasisi, kwamba ilikuwa tabia na mila ya watu wa kisiwa hicho, na kwamba mauaji yalikuwa ugomvi wa makundi madogo yasiyo na uongozi wa pamoja. Ukiamini hivyo utashtaki kila mauaji peke yake, na utashindwa, kwa kuwa shahidi hatapatikana. Sheria ya mwaka 1982 iliyobeba majina ya Rognoni na La Torre ilifanya uanachama katika jumuiya ya kimafia kuwa kosa lenyewe na ikaruhusu mali kutaifishwa. Pio La Torre, mbunge aliyeipendekeza, aliuawa Aprili mwaka huo kabla haijapita. Hakimu mpelelezi Giovanni Falcone na wenzake walifuata hundi na rekodi za benki, kisha mwaka 1984 Tommaso Buscetta, mwanamafia aliyekubali kutoa ushahidi, akaeleza kutoka ndani jinsi koo zilivyopangwa chini ya baraza moja. Kesi kubwa ya Palermo, iliyofunguliwa Februari 1986 na kumalizika Desemba 1987 ikiwa na washtakiwa zaidi ya 450, ilisimama juu ya jibu la swali ambalo kimsingi ni la kitafiti: je, hiki ni chombo kimoja au ni vingi? Mahakama ya juu kabisa ya rufaa ililithibitisha jibu hilo Januari 1992, na kabla ya Julai kwisha Falcone na hakimu mwenzake Paolo Borsellino walikuwa wameuawa kwa mabomu.

Hata hivyo jibu la Palermo si jibu la kila mahali. Mtafiti Peter Reuter alipochunguza kamari haramu na ukopeshaji wa riba za kuumiza katika jiji la New York, alikuta masoko yaliyojaa wafanyabiashara wadogo wanaoshindana, na hakuona ule ukiritimba wa mafia uliokuwa ukihubiriwa na maofisa wa Marekani. Baadaye mwanasosholojia Diego Gambetta akasisitiza kwamba bidhaa halisi ya mafia ya Sicilia ni ulinzi, yaani kuwadhamini watu ambao hawawezi kwenda mahakamani kwa sababu biashara yao yenyewe ni haramu, au kwa sababu hawaiamini mahakama. Maelezo haya yakiwekwa pamoja humpa mtunga sera chaguo halisi. Ikiwa soko linajiendesha kwa wauzaji wadogo, kumkamata mmoja ni kumpa mwenzake nafasi. Ikiwa soko linashikiliwa na mlinzi, basi kumwondoa mlinzi ndiko kunakoleta tofauti, hasa pale ambapo mlinzi huyo ni ofisa wa forodha, mwanasiasa au mkuu wa gereza. Serikali isiyojua iko katika hali ipi kati ya hizo haiwezi kuchagua mbinu, na ni ajabu kwamba swali hili hupewa fedha kidogo kuliko kuhesabu mazao ya ukamataji.

Nije kwenye kile ambacho ningekipunguzia fedha. Makadirio ya ukubwa wa jumla wa uhalifu duniani ningeyaacha kabisa kwa muda. Mwaka 1998 Michel Camdessus, akiwa mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, alitaja kiwango cha utakatishaji fedha cha asilimia 2 hadi 5 ya pato la dunia. Mwaka 2011 Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu ikakadiria kwamba mapato ya uhalifu ya mwaka 2009 yalikuwa kama asilimia 3.6 ya pato la dunia, na kwamba fedha zilizopita kwenye mifumo ya kifedha zilifikia asilimia 2.7. Takwimu hizi hufungulia hotuba vizuri. Sijaona waziri, jaji au mkaguzi wa benki aliyebadili uamuzi wake kwa sababu ilikuwa 2.7 na haikuwa 4. Katika taarifa ileile, jambo lenye kazi lilikuwa dogo zaidi na halikupewa nafasi kubwa: sehemu ya fedha hizo iliyokamatwa na kutaifishwa ilikuwa chini ya asilimia 1. Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, nayo ilikadiria kwamba kati ya 2010 na 2014 nchi za Umoja wa Ulaya zilitaifisha takriban asilimia 1.1 ya faida za wahalifu. Hapo kuna uamuzi unaosubiri, kwa kuwa mtu anaweza kuuliza mlolongo wa utaifishaji unakatikia hatua gani, kama ni kwenye kuzuia mali, kwenye hukumu, au kwenye usimamizi wa mali baada ya hukumu, na kila hatua ina ofisi yake na sheria yake.

Mgawanyo wa fedha ndani ya kundi nao una manufaa kuliko jumla yake. Utafiti wa Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa kuhusu uharamia wa pwani ya Somalia ulikadiria kwamba kati ya Aprili 2005 na Desemba 2012 fidia zilizolipwa zilikuwa kati ya dola milioni 339 na milioni 413. Kilichonivutia ni mgawo: wafadhili walioketi nchi kavu walichukua kati ya asilimia 30 na 75 ya fidia, ilhali askari wa kawaida wa uharamia alipata dola 30,000 hadi 75,000 kwa meli. Kumfunga askari huyo miaka ishirini hakumgusi mfadhili, ambaye atapata wengine kesho. Kamba hukatikia pembamba, na magereza yamejaa waliokuwa upande mwembamba.

Tahadhari ya aina hiyo inahitajika pia kwa takwimu za mauaji, ambazo wengi huzitumia kama kipimo cha nguvu za magenge. Katika jimbo la São Paulo nchini Brazili, mauaji yalishuka sana katika miaka ya 2000, wakati uleule ambapo PCC, kundi lililoanzishwa gerezani Taubaté mwaka 1993, lilikuwa likieneza mamlaka yake magerezani na katika vitongoji. Wasomi wanabishana ni kiasi gani cha upungufu huo kinatokana na polisi, na udhibiti wa silaha, au na kanuni za PCC yenyewe za kuzuia visasi. Itoshe kusema kwamba utulivu unaweza kuwa dalili ya genge lililoshinda, na kwamba nchi inayopanga vipaumbele vyake kwa kufuata damu peke yake itayaacha makundi yaliyofanikiwa kuliko yote.

Baada ya swali la ulinzi ningeweka swali la uandikishaji: watu huingiaje, na hutokaje. Mwaka 2023 Rafael Prieto-Curiel na wenzake walichapisha modeli ya hesabu kuhusu magenge ya Meksiko, iliyokadiria kwamba mwaka 2022 yalikuwa na watu kati ya 160,000 na 185,000, na kwamba yalihitaji kuandikisha watu wasiopungua 350 kwa wiki ili yasiporomoke kutokana na vifo na vifungo. Ndani ya modeli hiyo, kuongeza ukamataji kuliongeza vurugu, wakati kupunguza uandikishaji kuliipunguza. Ni modeli, na modeli hutegemea dhana za aliyeitunga. Lakini inakubaliana na tafiti nyingine za huko zilizoona kwamba mauaji yaliongezeka katika maeneo ambako vinara walikamatwa, na inatuonyesha pengo: tunajua mengi kuhusu jinsi vinara wanavyoanguka, na machache sana kuhusu wiki ambayo kijana anakubali kubeba mzigo wa kwanza, nani alimfuata, alikuwa na deni gani, na kama kulikuwa na mtu ambaye angeweza kumzuia. Gereza lingeingia hapa pia, kwa kuwa PCC si kundi pekee lililozaliwa au kukomaa nyuma ya nondo.

Nimekaa kwenye vikao vya kupanga vipaumbele ambavyo kila mshiriki alipewa karatasi za kunata abandike mada zake ukutani. Hadi saa sita mchana ukuta ulikuwa umejaa, hadi jioni mada zilikuwa zimeunganishwa katika vichwa vipana kiasi kwamba hakuna iliyokataliwa, na ripoti ya mwisho ikasema yote ni muhimu. Watu wa afya walitatua tatizo hili zamani. Njia inayojulikana kama CHNRI, iliyobuniwa kwa ajili ya utafiti wa afya ya mtoto, huwataka wataalamu waliwekee kila swali alama kwa vigezo vilivyokubaliwa kabla, kama vile uwezekano wa kujibika na uwezekano wa jibu kutumika, na mwisho hutoa mpangilio ambao una wa kwanza na una wa mwisho. Ushirika wa James Lind wa Uingereza, ulioanzishwa mwaka 2004, huwaketisha wagonjwa na walezi wao pamoja na matabibu hadi wakubaliane juu ya maswali kumi. Sioni kwa nini mfanyabiashara anayelipa pesa ya ulinzi kila mwezi, askari magereza, karani wa forodha na mtu aliyetoka kwenye genge wasiwe na sauti katika orodha yetu, isipokuwa kwa sababu moja ambayo watu wa afya hawakuwa nayo: hapa kusema kunaweza kuua.

Sababu hiyo ni nzito. Mwandishi wa habari Ján Kuciak wa Slovakia, aliyekuwa akichunguza uhusiano wa watu wa 'Ndrangheta na wanasiasa wa nchi yake, alipigwa risasi nyumbani pamoja na mchumba wake Februari 2018. Kwa hiyo usalama wa mhojiwa na wa mtafiti unapaswa kuwa kigezo chenye alama zake tangu mwanzo, usisubiri fomu ya maadili inayojazwa baada ya fedha kutoka. Swali zuri ambalo jibu lake linamweka mtu hatarini litafutiwe njia nyingine. Mara nyingi njia hiyo ipo, nayo ni nyaraka. Ujumbe uliopatikana baada ya kuvunjwa kwa mitandao ya simu za siri ya EncroChat mwaka 2020 na Sky ECC mwaka 2021 umewapa watafiti wa Ulaya picha ya wahalifu wakifanya kazi kwa mikataba ya muda, leo na huyu, kesho na yule. Picha hiyo nayo ina upofu wake, maana inawaonyesha tu walioweza kununua simu ghali na walioziamini.

Kuna jambo la wafadhili ambalo nitaligusa kwa ufupi. Mada hufuata mzigo unaoishia kwenye bandari ya mfadhili, na mizigo hubadilika haraka kuliko miradi. Baada ya Taliban kupiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022, eneo lililolimwa Afghanistan lilipungua kwa asilimia 95 hadi hekta 10,800 mwaka 2023, na tafiti nyingi zilizoandaliwa juu ya heroini zikajikuta zinaeleza soko la jana. Anayetafiti bandari, mawakala na walinzi wao hupata hasara ndogo bidhaa inapobadilika, kwa kuwa njia na watu wanaoifungua aghalabu hubaki.

Ningepewa fungu la mwaka mmoja na uhuru wa kulitumia, ningelielekeza kwenye majalada ya kesi zilizokwisha kusikilizwa na rufaa zake kumalizika, ambayo katika nchi nyingi hayana siri tena na hayamhatarishi shahidi mpya. Wasomaji wawili, kila mmoja peke yake, wangepitia kila jalada wakiandika kila mtu mwenye leseni ya serikali aliyetajwa: wakala wa forodha, mhasibu, wakili, ofisa wa benki, dalali wa ardhi, nahodha. Wangeandika alifanya nini, alilipwa vipi ikiwa imetajwa, kama alishtakiwa, na kama leseni yake iliendelea. Kazi hiyo inachosha, na hakuna gazeti litakaloitangaza. Lakini mwisho wake mamlaka inayotoa leseni ingepata majina ya hatua ambazo bila mtu wake mzigo usingepita, na ingeweza kuamua mwezi uleule ni leseni zipi zikaguliwe kwanza.